Landrover 109 au 110? Kabla mjomba hajaita watu wa skrepa

Mjomba wangu wa Kongwa ana Landrover 109 ya miaka ya sabini. Imelala uani chini ya mwarobaini, na watu wa skrepa wameshaanza kuizungukia. Juzi kanipigia: mjini Dodoma kuna 110 ya 1999 inauzwa, yenye injini ya Td5. "Sasa mjomba, wewe ndiye msomi wetu, niambie ipi ni mali."

Tuanze na bodi, maana hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Gari la kwanza la majaribio, mwaka 1947, lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep ya Marekani. Baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Alumini haishiki kutu kama chuma. Ikikutana na hewa hujifunika ngozi nyembamba inayoilinda.

Mbona basi Landrover nyingi zinaoza? Kwa sababu chesisi ni chuma. Pale alumini inapogusana na chuma, pakawa na maji, hasa yenye chumvi, unapata betri ndogo. Alumini hutoa elektroni, inalika taratibu na kuacha unga mweupe. Bila unyevu betri hiyo haifanyi kazi. Dodoma hupata mvua ya kama milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Gari lililozeekea Kongwa lina nafasi nzuri kuliko lililokula upepo wa bahari Tanga. Usiangalie rangi kwanza. Ingia chini, gonga chesisi kwa nyundo: ikilia vizuri, endelea, ikitoa sauti butu na vumbi jekundu, fikiria upya bei.

Upande wa injini, 109 ya petroli inatumia kabureta, ambayo haijui iko mwinuko gani. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 12. Hewa nyepesi, petroli ileile: plagi zinakuwa nyeusi na gari linakunywa mafuta. Fundi anarekebisha kwa bisibisi.

Td5 inapima hewa yenyewe, kwa hiyo tatizo hilo haina. Ina lake, na mimi nalipenda kuliko yote. Waya za nozeli zinapita ndani ya injini, kwenye oili. Oili hupenya katikati ya nyuzi za waya na kutambaa, kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi, hadi kwenye kompyuta iliyo chini ya siti. Gari linaanza kumisi na fundi anabadilisha kila kitu isipokuwa waya. Ukienda kununua, chomoa plagi nyekundu ya kompyuta. Ukikuta oili, umeshajua.

Kwa kukaa, 110 inashinda bila ubishi. Springi zake ni za koili, za 109 ni bapa na zinakuchapa mgongo mpaka Mpwapwa.

Nilimwambia mjomba: kama unataka gari la safari, kanunue 110. Kama unataka kuweka mali, hiyo ya uani usiiguse, mradi chesisi ni nzima na namba yake inalingana na kadi. Akasema skrepa wanakuja Jumamosi. Mimi napanda basi Ijumaa, na nyundo kwenye begi.