Tamthiliya ya 'Into the Badlands': Kwa nini watazamaji walisifu ngumi, wakalaumu hadithi

Na Mwandishi Wetu

TAMTHILIYA ya televisheni ya Marekani, Into the Badlands, ilihitimishwa Mei 6, 2019 baada ya misimu mitatu na sehemu 32, lakini mjadala baina ya watazamaji wake haujazimika. Wapo wanaoamini kuwa hakuna mchezo wa televisheni wa nchi hiyo uliowahi kuonyesha mapigano ya namna ile, na wapo wanaosema mapigano hayo yalipambwa juu ya hadithi isiyo na miguu. La kustaajabisha ni kwamba mara nyingi kauli zote mbili hutolewa na mtu yule yule.

Kwa wasioifahamu, tamthiliya hiyo ilibuniwa na waandishi Alfred Gough na Miles Millar na ilianza kurushwa na kituo cha AMC Novemba 15, 2015. Inasimulia maisha ya karne kadhaa zijazo, baada ya vita kuuangusha ustaarabu tunaoujua. Katika mabaki ya Marekani wametawala mabwana wenye nguvu, kila mmoja na mali yake. Huyu ana mashamba ya afyuni, yule ana visima vya mafuta. Chini yao wapo vibarua wasio na tofauti na watumwa, na kati yao wapo askari wauaji waitwao Clippers. Silaha za moto zimepigwa marufuku, hivyo kila ugomvi huamuliwa kwa upanga, kisu, ngumi na teke.

Mhusika mkuu ni Sunny, Clipper hodari kuliko wote, ambaye mgongoni amechanjwa alama kwa kila mtu aliyemuua. Alama hizo zimepita 400. Anakutana na kijana aitwaye M.K., ambaye akitoka damu macho yake hugeuka meusi na kupata nguvu zisizo za kibinadamu. Wasomaji wa fasihi ya Kichina walitambua mapema asili ya mambo hayo, kwani waandishi walichota kwa mbali kutoka hadithi ya kale ya Safari ya Kwenda Magharibi, ambayo nyani mwenye nguvu za ajabu ni mmoja wa wahusika wake mashuhuri. Msimu wa pili ulipomleta mlafi mwenye maneno mengi aitwaye Bajie, aliyeigizwa na Mwingereza Nick Frost, jina lenyewe lilikuwa limetolewa katika hadithi hiyo hiyo.

Mapigano ya Hong Kong

Sifa za watazamaji huanzia kwenye mapigano, na zipo sababu za kiufundi. Katika tamthiliya nyingi za Marekani, mwigizaji asiyejua kupigana hufichwa na kamera: picha hukatwa kila sekunde, kamera hutikiswa, na mtazamaji huona bega, kisha kiatu, kisha mtu ameanguka. Waongozaji wa Hong Kong kwa miongo mingi wamefanya kinyume chake. Kamera husogezwa nyuma, mwili mzima wa mpiganaji huonekana kuanzia unyayo hadi kichwa, na mapigo kadhaa hufuatana kabla picha haijakatwa.

Ufundi huo ulipelekwa Marekani na watu wenyewe wa Hong Kong, akiwamo Stephen Fung, mwongozaji wa filamu aliyesimamia mapigano na kuwa mmoja wa watayarishaji wakuu, pamoja na bingwa wa mapigano Huen Chiu Ku. Kikosi chao kilipiga picha za mapigano kando ya kikosi kilichopiga mazungumzo, na pambano moja liliweza kuchukua siku kadhaa. Waigizaji walipitishwa kwanza katika kambi ya mazoezi, kisha wakafungwa waya wa kuwainua hewani. Mtu aliyeona pambano la usiku chini ya mvua katika msimu wa kwanza, Sunny akiwa peke yake mbele ya kundi la maadui, ataelewa jasho hilo lilikwenda wapi.

Malalamiko ya wengine yanaanzia hapo hapo. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu sita tu, na mapigano yalikula nafasi kubwa. Mazungumzo, wanasema watazamaji hawa, yalikuwa makavu. Wahusika walihutubiana badala ya kuzungumza. Wengine waliuliza swali ambalo kwa hakika lina uzito: inakuwaje watu waweze kusafisha mafuta, kuendesha magari na kumpa Sunny pikipiki nyekundu, lakini wasiweze kutengeneza bunduki? Hadithi inajibu kwamba binadamu walizikataa bunduki baada ya vita. Jibu la kweli, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni jepesi zaidi: risasi moja ingemaliza pambano ambalo kikosi kizima kimelitolea jasho kwa siku kadhaa. Waliokulia katika vibanda vya video, ambako hakuna aliyeuliza mtu anawezaje kuruka juu ya paa, hawakusumbuliwa sana na jambo hilo.

Suala la Daniel Wu

Kwa watazamaji wa Marekani wenye asili ya Asia ya Mashariki, jambo zito zaidi lilikuwa uso wa Sunny mwenyewe. Aliyemuigiza, Daniel Wu, alizaliwa California mwaka 1974 kwa wazazi wa Kichina na kujipatia jina katika filamu za Hong Kong. Mwanzoni aliingia kama mtayarishaji tu, akitafutwa mwigizaji mwenye umri mdogo zaidi, kwa hofu kwamba mwili wa mtu wa miaka 40 usingestahimili. Mwishowe kazi ikamrudia.

Uzito huo una historia. Mwaka 1972 televisheni ya Marekani ilipoanza kuonyesha Kung Fu, habari za mtawa wa Shaolin mwenye damu ya Kichina, nafasi hiyo ilipewa David Carradine, asiye na asili ya Asia, wakati Bruce Lee alikuwapo na alikuwa akiitaka nafasi ya namna hiyo. Sammo Hung aliongoza Martial Law kati ya mwaka 1998 na 2000, hivyo Wu hakuwa wa kwanza kabisa. Hata hivyo Sunny alipewa kitu ambacho wapiganaji wa Kichina katika michezo ya Marekani hunyimwa kwa kawaida: mapenzi. Mpenzi wake ni Veil, mganga mweusi aliyeigizwa na Madeleine Mantock, na wanazaa mtoto.

Kwa sababu hiyo, mwisho wa msimu wa pili, Mei 2017, uliwaudhi wengi. Veil alijitoa mhanga ili kumuangamiza Quinn, bwana katili aliyekuwa amewateka. Watazamaji, hasa wanawake weusi, walilalamika kuwa mwanamke mweusi ameuawa ili mwanamume apate uchungu wa kumsukuma katika msimu unaofuata. Lawama hiyo ni ya haki, kwani msimu wa tatu unaanza hasa na Sunny mfiwa, akilea mtoto peke yake.

Aliyenusurika na kupendwa karibu na wote ni The Widow, mwanamke anayewapindua mabwana na kupigana akiwa amevaa viatu vya visigino virefu. Emily Beecham, aliyemuigiza, alitwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Cannes mwezi huo huo tamthiliya ilipokwisha, ingawa kwa filamu nyingine, Little Joe.

Kwa nini ikafutwa

Sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 6, lakini ilirushwa mara baada ya The Walking Dead, iliyokuwa na watazamaji wengi kuliko karibu kila mchezo wa wakati huo. Wengi walikuwa hawajabadilisha kituo tu. Uzalishaji ulihama kutoka Louisiana hadi Ireland kuanzia msimu wa pili, idadi ya watazamaji ikazidi kushuka, na Februari 2019 ikatangazwa kuwa sehemu nane zilizobaki zingekuwa za mwisho.

Sehemu hizo hazikuandikwa kama za kuagana. Katika vibanda vyetu husemwa kuwa stelingi hafi, lakini Sunny anaanguka katika pambano la mwisho na anaambiwa, akiwa kati ya uhai na kifo, kwamba kazi yake haijaisha. Kisha, katika ulimwengu ulioishi misimu mitatu bila silaha za moto, inaonekana bunduki.

Hakuna msimu wa nne uliotengenezwa kueleza nani angeitumia.