Spoila ya 911 Haiamkangi Jogoo Road

Icheki Porsche 911 ya kizazi cha 997 ikiwa imepaki Westi. Nyuma hakuna bawa. Paa inateremka mdogo mdogo mpaka kwa bampa, laini, hakuna kitu imetokeza. Msee hajui ndai anaweza apa hiyo gari haina spoila. Alafu siku moja mnapatana nayo Southern Bypass mapema Sato, barabara iko wazi, na hapo nyuma juu ya injini kuna kipande kizima kimesimama. Hakuna mtu amekifunga njiani. Kilikuwa hapo ndani saa zote, kimelala, kinangoja spidi ifike.

Hii ndio sehemu ya 911 mi hupenda kuliko zote, inashinda hata sauti ya injini. Najua wasee wa base watateta, juu kwetu mtaani spoila ni kitu ya kuonekana. Hii ya 911 ilichorwa isionekane mpaka kazi ifike. Hiyo ndio inanimaliza kabisa.

Tuanze na upepo. Gari ikisonga, hewa inagawanyika, ingine inapita chini, ingine juu. Ile ya juu, kwa gari iko na mgongo umepinda venye 911 iko, inafuata huo mviringo mpaka nyuma, na vile inakimbia hapo juu presha yake inashuka. Presha ya juu ikiwa ndogo kushinda ya chini, gari inavutwa juu. Bawa ya ndege hufanya kazi hivyo hivyo, ile tofauti ni hapa hakuna mtu anataka kupaa. Nyuma inakuwa nyepesi, tairi zinashika lami kiasi, na kwa 911 injini iko huko huko nyuma, so nyuma ikiponyoka uzito wote unaivuta. Spoila ikisimama inavunja huo mtiririko. Hewa inagonga hapo, inajazana mbele yake, presha inapanda, na ile nguvu ya kuinua gari inapungua.

Sasa shika hii hesabu, juu bila hiyo huwezi elewa mbona bawa ilale. Nguvu ya upepo haipandi sawa na spidi. Spidi ikienda mara mbili, nguvu inaenda mara nne. Spidi ikienda mara tatu, nguvu inaenda mara tisa. Ukiwa Jogoo Road na 40, upepo unakushughulikia na sehemu moja kwa tisa ya vile ungekufanyia na 120. Kwa 40 bawa ni pambo tu. Kwa 120 imeanza kazi. Kwa 200 na kitu, huko kwa Autobahn ya Ujerumani, inaweza kuwa ndio imekushikilia kwa barabara.

Porsche hawakuanza na bawa ya kujificha. 1972 walitoa Carrera RS 2.7 na kale kamkia kameinuka nyuma, Wajerumani wakakabatiza mkia wa bata. Mainjinia Hermann Burst na Tilman Brodbeck walikuwa ndani ya hiyo kazi. 911 Turbo ikafuata miaka ya 70 hapo katikati na sinia kubwa, pana, huwezi ikosa hata ukiwa mbali. Zote mbili zilikuwa zimefungwa hapo usiku na mchana, hata kama dere anaenda tu kuchukua maziwa. Na kila bawa iko na bei yake. Sinia kama hiyo inakata hewa, injini inasukuma zaidi, na mgongo wa gari ulioonekana mara ya kwanza 1963 unapotea chini ya plastiki.

Gari ya 1989 ndio ilileta jibu. Hiyo ni 911 ya kizazi cha 964. Ukifika 80, bawa inatoka yenyewe. Ukipunguza mpaka karibu kusimama, kwa 10 hivi, inarudi. Injini ya hiyo gari ilikuwa bado inapozwa na hewa, na bawa ikiinuka inafungua njia hewa mob ifike hapo ndani. Kipande kimoja, kazi mbili, na ukipaki bado uko na ile shepu ya 1963. Manze, hapo ndio mtu ameketi chini akafikiria.

911 za baadaye, 996 na 997, zikabadilisha kipimo: juu ukipita 120, chini ukishuka 60. Boxster ya kwanza, gari ingine ya Porsche, ilikuwa 120 na 80. Uliza mbona hiyo nafasi yote katikati. Jaribu kufikiria Thika Road saa kumi na mbili jioni, msee mbele anagusa breki, unashuka kidogo, unapanda kidogo, unashuka tena. Kama bawa ingeinuka 120 alafu irudi 119, ingekuwa inapanda na kushuka saa zote mpaka mota iungue. Na kwa kona kubwa, nyuma ya gari ingekuwa inabadilisha uzito ukiwa katikati ya kuikata. Hiyo nafasi ndio inafanya gari ikae moja. Ikiamka, inabaki imeamka mpaka iwe wazi umemaliza kukimbia.

Hapo kuna kitu ingine ya kucheki. Sheria ya hapa Kenya inakupa mpaka 110 kwa highway ukiwa na gari ndogo, 50 ukiwa ndani ya mji, na Expressway ni 80. Inamaanisha 997 ikiendeshwa Nai kwa kufuata sheria, hiyo bawa inaweza maliza mwaka mzima bila kuamka yenyewe. Na ukiona 997 inapita Museum Hill na 70, bawa iko juu, ujue ni moja kati ya mbili. Dere alipita 120 huko nyuma na hajawahi rudi chini ya 60, ama amebonyeza swichi. Karao anayejua ndai anaweza isoma hiyo kama barua.

Swichi nayo iko, na haikuwekwa ya kuringa. Bawa inafaa kuinuliwa ndio uoshe chini yake, utoe majani na vumbi, na fundi aone kama inasonga vizuri. Gari ikiwa imesimama unabonyeza mara moja inapanda. Kurudisha chini ni ngumu kiasi: lazima ushikilie swichi mpaka ifike mwisho. Hiyo iliwekwa juu ya vidole za watu. Bawa inarudi na nguvu ya mota, na mtoto akiwa amesimama hapo nyuma anashika shika, utaachilia kidole na itasimama hapo hapo.

Nilienda kuicheki hiyo bawa ikiwa imefunguliwa kwa fundi mmoja Industrial Area, mzae ametengeneza hizi gari miaka mob.

“Mzae, hii yote inainuliwa na nini?” nikamuuliza.

“Kijana, toa mkono kwanza. Sasa angalia.”

Akabonyeza. Mota ni moja, ndogo, inatoshea kwa kiganja. Kutoka kwa hiyo mota kunatoka nyaya mbili za chuma, zimefunikwa na mpira, moja inaenda kushoto, ingine kulia. Hizo nyaya hazivuti, zinazunguka. Kila moja inazungusha gia ndogo, na gia inapandisha mguu wa bawa. Sauti ni ya chini, inanguruma kidogo, alafu klak, imefika. Kuna swichi ndogo za mwisho zinaambia kompyuta bawa imefika juu ama imefika chini. Spidi nayo inajulikana kutoka kwa sensa za magurudumu, zile zile za ABS. Gia imepakwa grisi nzito, na hapo kwa grisi vumbi ya Nai inapenda kukaa. Mzae akapitisha kitambaa, kikatoka cheusi tititi.

“Waya moja ikikatika, upande mmoja unapanda na mwingine unabaki,” akasema. “Bawa inakuja juu imepinda. Hapo usilazimishe, utavunja hata ile nzuri.”

Kwa 996 Turbo na 997 Turbo mambo ni tofauti, hizo zinatumia haidroliki, na zikizeeka oili inaanza kuvuja. Unapata bawa imepanda poa alafu inazama pole pole.

Kama bado uko na msimamo ati spoila ni urembo, soma stori ya Audi TT. Ilitoka 1998, mwili mviringo, safi sana, nyuma haina kitu. Kila mtu aliipenda. Alafu wasee wakaanza kuikimbiza Autobahn, na kwa spidi kubwa, ukihama leni haraka ama ukitoa mguu kwa mafuta ukiwa kwa kona, nyuma ilikuwa inaponyoka. Kukakuwa na ajali, watu wakadedi. Audi wakaita gari zirudi, wakaweka spoila ndogo nyuma, wakagusa suspensheni, wakaongeza mfumo wa kuzuia gari isiteleze. TT ya pili, ya 2006, ikakuja na bawa ya kujificha: inatoka ukipita 120, inarudi 80. Shepu ikabaki safi na dere akabaki hai. Mimi naona hapo ndio dunia ilipata somo kwa bei mbaya sana.

Ndio maana huwa inaniuma nikiona kijana ametoa doh yake yote kufunga bawa ya alumini kwa Vitz. Si shida ya swag, mtu avae gari yake venye anataka, na nganya za Rongai zimetufunza gari inaweza kuwa sanaa. Shida ni akiambiwa na muuzaji ati sasa gari itashika barabara. Vitz inavutwa na magurudumu ya mbele. Bawa kubwa nyuma, kama inafanya kazi, inakandamiza nyuma na inaweza punguza uzito wa mbele, mahali nguvu na usukani ziko. Na kwa spidi ya tao haifanyi kitu yoyote zaidi ya kubeba vumbi. Hiyo doh ingeenda kwa tairi nne mpya, gari ingeshika lami kuanzia hapo kwa geti.

Siku hizi hii teknolojia imefika mbali. Kwa Bugatti Veyron bawa inageuka kuwa breki: ukikanyaga ukiwa spidi kubwa inainuka chini ya nusu sekunde na upepo unasaidia kusimamisha gari. Lakini kwa maisha ya kila siku mi nacheki 992, ile 911 iliyotoka 2018. Bawa yake ni pana, imeshika karibu mgongo wote, na inaamka 90 kwa pembe ndogo ya kupunguza kuvutwa na hewa. Ikipita 150 inapanda zaidi ikandamize. Hiyo pembe ya kwanza unaweza iona ukienda Naivasha bila kuvunja sheria.

Na kama uko na ganji na unawinda 997 ya mitumba, usiridhike na kusikiliza injini. Simama nyuma, mwambie mwenye gari abonyeze swichi. Cheki kama pande zote mbili zinapanda pamoja, sikiliza kama kuna mkwaruzo, alafu mwambie airudishe na umwone akishikilia mpaka mwisho. Ikirudi ikaacha pengo upande mmoja, ama onyo la spoila likabaki kwa dashibodi, ongea na fundi wako kwanza, na kabla itengenezwe usiipeleke spidi yoyote ya kuhitaji bawa.