Mipaka Ipo, Zamu Ni Moja

Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, mfereji mmoja hunywesha bustani nyingi za kabichi na karoti kwenye matuta ya ngazi. Kila mkulima ana mpaka wake, lakini maji ni ya zamu. Anayechelewa kuyaziba hajaingia shamba la mtu, ila miche ya jirani inanyauka. Kurasa za intaneti huendeshwa kwa mtindo huohuo.

Tuchukue dashibodi ya DHIS2, mfumo ambao watumishi wa afya nchini hutumia kwa takwimu za vituo. Katika matoleo ya karibuni chati hupakiwa ndani ya fremu yake, na ramani ndani ya nyingine. Kwa V8, injini ya JavaScript iliyomo ndani ya Chrome tangu 2008, kila fremu ni muktadha unaojitegemea: una majina yake ya jumla, hata Array yake. Ndiyo maana safu iliyotoka kwenye chati, ukiipima kwa instanceof Array ndani ya ramani, utajibiwa kwamba si safu. Kero hiyo ndiyo iliyozaa Array.isArray katika ECMAScript 5, mwaka 2009.

Lakini fremu za asili moja, yaani zilizotoka kwenye tovuti ileile, hutumia uzi mmoja wa utekelezaji na lundo moja la kumbukumbu. Injini huingia muktadha wa chati, humaliza kazi, hutoka, ndipo iingie wa ramani. Chati ikianza kupekua rekodi za mkoa mzima kwa mkupuo, ramani haibofyeki, ingawa msimbo wake hauna kosa.

Kero kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile isiyoonekana. Umeifunga fremu, kumbe ukurasa mama bado umeshika kitendaji kimoja kilichotoka humo. Kitendaji hakiachi muktadha wake. Basi muktadha mzima na data zake vinabaki kwenye kumbukumbu, na kompyuta ya ofisini inazidi kuwa nzito bila sababu inayoonekana.

Kwa hiyo ondoa visikilizi, yaani vitendaji vinavyosubiri matukio, kabla ya kuifunga fremu. Hesabu nzito ipeleke kwa Worker, mwenye uzi na lundo lake. Na usizichukulie fremu za asili moja kuwa ulinzi, maana moja huchungulia nyingine kupitia window.parent. Msimbo usiouamini uweke kwenye asili tofauti, au uifungie fremu yake kwa sandbox bila kuipa allow-same-origin.