Chumvi, shingo na akili ya mtoto wa Buha

Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, chumvi ya Uvinza ilikuwa imeshatembea mbali. Maji ya chumvi hububujika karibu na makutano ya Mto Ruchugi na Malagarasi, na waliochimba pale kutafuta mabaki ya kale walikuta masalia ya kazi ya kuyachemsha yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipita njia hiyo akielekea Ujiji, akaikuta biashara imechangamka. Chumvi ilibebwa kichwani hadi Buha, nchi ya Waha yenye Kasulu na Kibondo za leo, ikavuka kwenda Burundi. Watu wa Kasulu na Kibondo, basi, hawakukosa chumvi. Walichokosa ni kitu ambacho chumvi ile haikuwa nacho cha kutosha, nacho hakionekani wala hakionjwi: madini joto, yaani iodini.

Madini haya yamejaa baharini, na nchi za juu zilizo mbali na bahari huyapata kwa shida. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mvua za miaka na miaka zimeyasomba kutoka kwenye miteremko. Udongo ukiyakosa, maharage yanayakosa, mahindi yanayakosa, na mbuzi anayekula majani ya hapo anayakosa pia. Dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika ni chakula kizuri sana, lakini samaki wa maji baridi hawana madini joto kama wale wa baharini.

Kinachoyahitaji mwilini ni tezi ya thairoidi, iliyokaa shingoni mbele, chini kidogo ya kikoromeo. Kwa mtu mzima haifiki gramu 30. Kazi yake ni kutengeneza homoni mbili. Moja hubeba chembe nne za madini joto, nyingine tatu. Homoni hizo huingia kwenye damu na kupanga kasi ya mwili mzima: moyo upige vipi, chakula kichomwe haraka au polepole, joto la mwili libaki wapi, utumbo usukume vipi, hata hedhi ije kwa mpango. Zikipungua, mtu husikia baridi wenzake wakiwa wanatoka jasho, hunenepa bila kula sana, hulemewa na usingizi. Zikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka na mwili hukonda.

Tezi hiyo haijiongozi yenyewe. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere, ambayo hupima damu bila kupumzika. Homoni za thairoidi zikishuka, pituitari hutoa homoni yake ya kuiamuru ile ya shingoni iongeze kazi. Zikipanda, amri hupunguzwa.

Sasa fikiria amri inakuja kila siku na malighafi haipo. Thairoidi haiwezi kukataa. Inachoweza ni kukua ili inase hata chembe ndogo ya madini joto inayopita kwenye damu. Hilo ndilo rovu. Uvimbe ule ni mwili unaojitahidi kujiokoa, na kwa miaka mingi huko milimani ulionekana jambo la kawaida. Si kila uvimbe wa shingo unatokana na upungufu huu, kwa hiyo anayeuona aende hospitali akapimwe. Lakini mimi rovu si jambo linalonitisha zaidi.

Linalonitisha ni lile lisiloonekana. Katika miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito mtoto hana homoni za thairoidi za kwake. Anategemea za mama. Ubongo wake unajengwa kwa homoni hizo. Mama akipungukiwa sana, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, asiyeongea, aliyedumaa mwili na akili, na hakuna dawa ya baadaye itakayorudisha kilichokosekana. Upungufu ukiwa wa wastani, mtoto anazaliwa mzima kabisa machoni, ila darasani anachelewa kushika, na mwalimu anasema ni mvivu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Kiasi hicho cha siku nzima hakionekani kwa macho.

Muhogo nao una sehemu yake. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na usipolowekwa siku za kutosha, mabaki yake mwilini hugeuzwa kuwa kemikali inayogombea na madini joto mlango wa kuingia kwenye tezi. Kwa wanaokula ugali wa muhogo mchana na usiku, akina mama wanaoloweka, wanaoanika na kutwanga bila kukatisha hatua wanalinda thairoidi za familia zao.

Serikali ya Tanzania iliona tatizo hili la upungufu wa madini joto. Miaka ya 1980, uchunguzi ulionyesha karibu robo ya watoto wa shule nchini walikuwa na rovu. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, Kigoma ikiwa miongoni mwa mikoa iliyofikiwa, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula iwekwe madini joto. Kufikia mwaka 2004 kiwango cha rovu kilikuwa kimeshuka hadi takribani asilimia 7. Mwaka 2009 watafiti Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha hesabu kuwa watoto ambao mama zao walikuwa wamepata vidonge vile walisonga mbele zaidi shuleni, hasa wasichana. Wengine waliorudia hesabu hizo walipata matokeo hafifu zaidi. Mjadala huo wa wasomi ni halali, lakini haugusi ukweli kwamba ubongo wa mtoto aliye tumboni unahitaji homoni za thairoidi.

Hofu yangu leo iko kwenye gunia la chumvi lililofunguliwa. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mgao wa chakula huja na chumvi iliyoongezwa madini joto. Sokoni nje ya kambi, chumvi ya kupima kwa kopo hukaa wazi juani, hupata unyevu, na madini joto hupungua siku hadi siku. Nyumbani huwekwa karibu na jiko, hutiwa mapema kwenye maharage na kuchemshwa saa mbili. Itiwe chakula kikikaribia kuiva, na itunzwe kwenye chombo chenye kifuniko.

Kuna dawa ya kupimia chumvi, chupa ndogo tu. Tone moja likiidondokea chumvi yenye madini joto, hugeuka buluu au zambarau. Isiyo nayo hubaki nyeupe. Kila mhudumu wa afya wa kijiji, kuanzia Makere wilayani Kasulu hadi Mabamba wilayani Kibondo, anapaswa kuwa nayo mkobani na kupita nayo dukani kabla ya kupita majumbani. Na mama anayefungua kadi ya kliniki aulizwe siku hiyohiyo chumvi yake anainunua wapi. Wengi hufika kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano, na ile miezi mitatu imeshapita.