Dungu, Pumzi na Mafuriko ya Rufiji

Utulivu wakati wa dhiki hudhaniwa kuwa tabia ya kuzaliwa nayo, ilhali elimu ya utendaji wa mwili na maisha ya wakazi wa bonde la mto Rufiji, Tanzania, huonyesha kwamba kwa sehemu kubwa hutokana na maandalizi.

Hatari inapotokea, tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini, kemikali inayoharakisha moyo na pumzi na kuipa misuli nguvu, hali ambayo Mmarekani Walter Cannon aliieleza mwaka 1915 kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Hali hiyo humfaa aliyekutana na mamba mtoni, lakini humponza anayepaswa kuamua, maji yakiwa kizingitini, watangulie watoto, wazee au magunia ya mpunga, kwa kuwa akili yenye hofu hukazia jambo moja na kusahau mengine. Kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi hupunguza mapigo ya moyo kupitia neva ya vagasi, mshipa wa fahamu uunganishao ubongo na moyo.

Bondeni, maandalizi yana umbo la dungu, yaani kibanda cha juu ya nguzo kinachopandwa kwa ngazi, ambamo wakulima hulinda mazao dhidi ya nguruwe mwitu na hujihifadhi mto unapofurika. Hata Serikali ilipowahamishia wengi kwenye miinuko mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba yalibaki bondeni, na madungu nayo. Aidha, maji yakipungua huacha tope lenye rutuba linalopandwa mazao ya mlau, yaani kilimo cha unyevu uliobaki, hivyo mkulima huyaona mafuriko kuwa hasara na pia mbegu ya msimu ujao. Wanasaikolojia huita mtazamo huo kutathmini upya, yaani kulipa tukio maana nyingine ili hisia nazo zibadilike.

Mbinu hizo zina mipaka. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikafika pwani ya Tanzania. Msongo unapodumu, kotisoli, homoni nyingine ya tezi zilezile, huvuruga usingizi, kumbukumbu na kinga ya mwili, na hapo aliyepoteza shamba huhitaji makazi, mbegu, jirani wa kumsikiliza na, asipopata usingizi kwa majuma, mhudumu wa afya, kwani pumzi humvusha mtu saa ya hofu, si msimu mzima wa njaa.