Kutoa Upepo Ndani ya Kompyuta

Wenyeji wa pwani wanaijua vyema kelele ya pampu iliyonyonya hewa: hukwaruza, ikagugumia, na maji yasitoke. Lakini ni wangapi waliopata kuisikia ikitoka ndani ya kompyuta? Mimi niliisikia kwa mwana wa ndugu yangu, hapa Mombasa, ambaye riziki yake ni kutengeneza filamu za harusi. Ilikuwa Alhamisi. Bibi harusi mmoja alitakiwa asafiri Jumamosi kumfuata mumewe Dubai, na filamu yake ilikuwa bado, maana kila ikifika nusu mashine huzimika.

"Ami, imeshikwa na joto," akaniambia. Nikastaajabu, kwani mashine ile yapozwa kwa maji.

Jambo hilo si geni. Kompyuta ya IBM 3081, iliyotangazwa 1980, ilipozwa kwa maji. Za leo ni sanduku la mezani tu, na ndani yake mna pampu ndogo, tangi, mipira, na rejeta mfano wa ile ya gari. Maji hupita penye prosesa yakachukua joto, yakalipeleka kwenye rejeta, na feni zikalipeperusha nje.

Adui wa mpango huu ni hewa. Kwa ujazo ulio sawa, maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa. Povu likikaa penye prosesa, joto halina wa kulichukua. Likiingia kwenye pampu ni balaa zaidi, kwani pampu hizi hulainishwa na maji yale yale zinayoyasukuma. Zikienda kavu hulika. Nazo prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza mwendo, kisha mashine huzimika isije ikaungua. Ndiyo yaliyomfika kijana wetu: alibadilisha maji kwa haraka, asitoe upepo.

Tiba yake yataka subira, kitu adimu kwa vijana wa leo. Alitandika karatasi za shashi chini ya viungo, apate kuona panapovuja. Akapanga nyaya ili pampu peke yake ndiyo ipate umeme, prosesa isipate. Akafungua kifuniko cha tangi, akatia maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliorudishwa kuwa maji, usio na chumvi kama ya visima vyetu. Akawasha pampu sekunde chache, akazima, akaongeza maji kabla tangi halijakauka, akawasha tena.

Kisha akaliinamisha sanduku zima, mbele, nyuma, ubavu huu na ule, kama mama ambembelezaye mtoto acheue. Kila likiinama, povu lililojificha kwenye rejeta lilikimbilia tangini, na maji yakashuka. Hewa hupenda juu, ndiyo maana tangi huwekwa juu ya pampu. Mitambo iliyozibwa kiwandani haina kifuniko cha kujazia; mwenye nayo na ahakikishe tu kwamba pampu si sehemu ya juu kabisa, bali kichwa cha rejeta kiwe juu yake.

Pampu iliachwa ikizunguka usiku kucha. Alfajiri karatasi zilikuwa kavu na kelele imekwisha. Akaongeza maji kidogo, akafunga kifuniko, akarudisha nyaya mahali pake. Filamu ilimalizika Ijumaa baada ya Alasiri, na bibi harusi akaja kuichukua mwenyewe, hina ya mikononi haijafifia.