Ukistaafu Utaishi Wapi? Hebu Soma Kwanza Miamala ya Simu Yako

Mfanyakazi wa serikali nchini Kenya hustaafu akiwa na miaka 60, au 65 kama ni mtu mwenye ulemavu. Tarehe yenyewe inajulikana tangu siku ya kuajiriwa. Lakini swali la "nitaishi wapi?" wengi wetu huliacha mpaka barua ya kustaafu iko mezani, na hapo jibu huwa moja kati ya mawili: "narudi ocha" ama "nasikia Nanyuki kuna hewa safi."

Ocha ni pazuri, na Nanyuki hewa ni safi kweli. Shida ni kwamba mahali pa kuishi uzeeni ni hesabu ya kila mwezi, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo tayari iko kwenye simu yako.

Pesa zako huenda wapi?

Itisha taarifa ya miamala yako ya miezi 12 iliyopita. Keti nayo pamoja na mwenzako, kama mko wawili, mkiwa na kalamu. Wekeni alama kwa kila pesa iliyoenda kwa watu: mama, watoto, wajukuu, chama, kanisa au msikiti, kijana wa shamba. Halafu wekeni alama nyingine kwa hospitali na duka la dawa. Ya tatu ni ya nauli.

Sasa jiulizeni: tukihamia kule, ni mistari gani itapungua na gani itaongezeka? Mwalimu anayetuma pesa ya kibarua kila wiki akirudi nyumbani atasimamia shamba mwenyewe, huo mstari upungue. Lakini kama wajukuu, daktari na chama cha miaka 15 vyote viko Nairobi, mstari wa nauli utapanda. Na kuna jambo watu husahau. Ukiwa mbali, harambee na matanga ulitumia elfu moja ukamaliza. Ukiwa karibu, wewe ndiye mweka hazina wa kamati, na ikipungukiwa wanakuangalia wewe.

Hospitali ije kabla ya mandhari

Presha na sukari hazijali una ploti inayotazama mlima. Kama unachukua dawa kila mwezi, uliza: dawa hizi zinapatikana wapi huko, na usiku mvua ikinyesha nitafika hospitali kwa muda gani? Hesabu kwa saa, kwa sababu kilomita 20 za lami na kilomita 20 za udongo si safari moja. Eldoret ina Moi Teaching and Referral Hospital, Kisumu ina Jaramogi Oginga Odinga, Mombasa ina Coast General. Bomet kuna Tenwek, inayojulikana kwa upasuaji wa moyo. Kuishi karibu na mji wa aina hiyo ni faida kubwa kuliko watu wanavyodhani wakiwa na miaka 50.

Halafu bima. Ukiwa kazini, asilimia 2.75 ya mshahara ilikatwa kwenda SHA na hukuhitaji kukumbuka chochote. Ukitoka, kukumbuka ni juu yako. Wasio na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima, kulingana na tathmini ya mapato ya nyumba, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Piga *147# uhakikishe wewe na wanaokutegemea mmesajiliwa, kisha uulize kama kituo kilicho karibu na makao yako mapya kimeidhinishwa na SHA.

Mwili pia una maoni yake. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Julai si mchezo. Mwenye shida ya moyo au kifua amuulize daktari kwanza. Kando ya Ziwa Victoria na Pwani kuna malaria. Ulizaliwa Siaya, sawa, lakini ukikaa Nairobi miaka 30 ile kinga uliyokuwa nayo utotoni hupungua, kwa hivyo usirudi ukilala bila neti eti wewe ni mwenyeji.

Kila eneo na bei yake iliyojificha

Pwani inavutia wengi tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka wa 2017. Mtwapa, Kilifi na Malindi maisha ni ya pole na samaki ni wabichi. Lakini joto linamaanisha feni usiku kucha, na feni inamaanisha token za stima. Hewa ya chumvi hula mabati na mageti, na visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi. Mashamba mengi huko pia yana historia ndefu ya watu kuishi vizazi na vizazi bila hatimiliki, kwa hivyo usinunue ardhi kabla ya kuongea na wanaoikalia.

Kitengela na viunga vyake viko karibu na watoto na hospitali za Nairobi. Angalia udongo: ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba mvua ikija. Msingi wa nyumba hapo unaweza kukula pesa uliyopangia paa.

Eldoret na Kitale ni nchi ya mahindi na maziwa, na baridi yake inavumilika. Ila kama hujawahi kulima, usitegemee shamba likulipe mwaka wa kwanza. Mbolea hulipiwa kabla ya kupanda, na mahindi huuzwa wakati kila mtu anauza.

Nanyuki iko upande mkavu wa Mlima Kenya. Kabla ya kuuliza bei ya ploti, uliza maji.

Na hiyo ardhi ya ocha ni ya nani?

Hapa ndipo pesa nyingi za uzeeni hupotelea. Mtu anapokea kiinua mgongo, anajenga nyumba ya mawe ya vyumba vinne kwenye ardhi ya familia, na hati bado ina jina la babu aliyekufa miaka 40 iliyopita. Urithi haujawahi kupelekwa kortini. Ndugu wote wanajua "hii ni sehemu yako", lakini kujua kwao hakujaandikwa popote. Yeye akifa, mjane anabaki katika nyumba ambayo hawezi kuiuza wala kuikopea, kwenye ukoo ambao pengine hakuwahi kuishi nao hata mwaka mmoja.

Kwa hivyo, mama, ukiambiwa "tunarudi nyumbani", una haki ya kuuliza: nyumbani kwa nani, na hati iko kwa jina gani? Na baba, usilichukulie swali hilo kama ukaidi. Maliza kesi ya urithi na mgawanyo kwanza, halafu ujenge. Kama mnanunua mahali papya, andikisheni majina yote mawili.

Ukinunua, fanya utafutaji rasmi wa hati kwenye rejista ya ardhi wewe mwenyewe au kupitia wakili wako. Usikubali nakala aliyokuletea broka. Ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na bila idhini hiyo mauzo huwa batili hata kama ulishalipa. Ongeza ushuru wa stempu kwenye bajeti: asilimia 4 mjini, asilimia 2 mashambani.

Panga kwanza, jenga baadaye

Ushauri wetu kwa aliye na miaka miwili mitatu kabla ya kustaafu ni huu: kodi nyumba ya kawaida katika eneo unalolitamani, hata kama ni kwa likizo tu, na wiki kadhaa ziwe za mvua ndefu, kati ya Machi na Mei. Kila mtu huenda kutazama ploti Desemba, barabara ikiwa kavu na kila nyumba imejaa watu. Aprili utaona kama boda boda inafika mlangoni na kama stima hupotea siku mbili.

Ukiwa huko lipa kila kitu unachoweza kwa simu, ndipo taarifa ya mwezi huo ikuonyeshe gharama halisi. Jaribu kutoa shilingi elfu 20 siku ambayo si ya soko. Katika senta ndogo wakala anaweza kukwambia hana pesa hadi kesho, na mgonjwa hangoji kesho. Angalia pia kama mtandao unashika ndani ya nyumba, maana watoto watakuwa wakikutumia pesa na kukupigia usiku.

Pesa ikitoka

Kumbuka akaunti ya simu ina kikomo: kwa sasa haiwezi kushika zaidi ya shilingi 500,000 kwa wakati mmoja. Malipo ya mkupuo yataenda benki, na ni vizuri hivyo. Acha yakae huko, ujitumie kwenye simu kiasi cha mwezi tu, kama vile ulivyokuwa ukipokea mshahara.

Msimu huo pia ndio matapeli hukupigia. Wana jina lako, wana jina la mwajiri wako, sauti ni ya adabu: "Mzee, faili yako imepita, imebaki ada ya elfu tatu tu itumwe kwa hii namba." Pensheni haifunguliwi kwa ada ya namba ya mtu binafsi. Broka naye akitaka "deposit kidogo ya kushikilia ploti" kwa simu yake, mwambie pesa itapitia kwa wakili baada ya utafutaji wa hati. Unapotuma pesa yoyote, soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Likiwa si la unayemjua, katisha muamala. Na PIN yenyewe usimpe mtu, hata kijana mwema wa dukani anayekusaidia kwa sababu miwani umeisahau nyumbani.